Miaka Thelathini na Mmoja na Nepi Shingoni

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa kumi kamili jioni, dobi mkuu wa hospitali yetu ya watoto atazima mashine namba mbili, atafuta mikono na kurudisha funguo za chumba cha kufulia. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku sita kazini. Hesabu hiyo ni yake. Mimi nilikuwa nimeandika miaka thelathini, akanirudishia karatasi akisema kwamba mwaka mzima wa kusuuza nepi si kitu cha kudondosha njiani.

Walioajiriwa karibuni huenda hawalijui jina lake la kwenye faili. Hapa anaitwa Bi Shingo, na hata mlinzi wa getini akiulizwa jina lake kamili hukuna kichwa kwanza. Jina hilo lilitokana na nepi. Kila asubuhi Bi Shingo huchukua nepi moja kutoka kwenye fungu lililofuliwa jana yake, safi na kavu, huikunja mara mbili kwa urefu na kuizungusha shingoni kama skafu. Hukaa nayo hadi saa sita mchana, katikati ya mvuke wa pasi na joto la mashine za kukaushia. Ikifika saa sita hajawashwa, fungu zima linapanda wodi ya watoto wachanga. Akiwashwa, fungu zima linarudi majini, na ole wake atakayeuliza kwa nini.

Wasiojua walijitungia maelezo yao. Wapo waliodhani ana uvimbe shingoni anaouficha. Fundi wetu wa mashine, mwaka wake wa kwanza hapa, alimletea dawa ya koo karibu kila Jumatatu kabla hajaambiwa ukweli, naye Bi Shingo alizipokea kwa adabu zote na kuzigawa kwa wenye makoo yao. Siku moja ya ukaguzi, mgeni wa heshima alimsogelea, akamshika bega na kumpa pole kwa ajali. Bi Shingo alishukuru, akasema anaendelea vizuri.

Anayeandika haya ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, yeye chini na mimi juu, katikati yetu ngazi ishirini na mbili na kikapu cha nguo chafu. Kamati ya sherehe imetangaza kwamba nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Ukweli ni kwamba niliwaomba kazi hii mwenyewe, tena niliwaomba mara mbili. Nina jambo la kusema mbele ya watu kabla hajaondoka, nanyi mtalisikia likifika zamu yake.

Bi Shingo aliajiriwa kama mwanika nguo. Alikuja na binti yake wa kwanza mgongoni, mtoto wa miezi mitano ambaye ngozi yake ilikuwa haitaki mchezo. Mashavu yalikuwa mekundu, mikunjo ya viwiko na magoti imechubuka, na vidole vidogo havikujua kutulia. Bi Shingo anasimulia kwamba wakati ule alikuwa haambiliki katika suala la usafi. Aliamini kwamba povu ndilo usafi, na kwamba mtoto mwenye upele anahitaji povu maradufu. Basi alifua nguo za mwanawe kwa sabuni kali ileile tunayofulia mashuka ya hospitali, akatia vikombe viwili mahali pa kimoja, na alipoona upele umezidi akaongeza cha tatu.

Alibadilisha mafuta. Alichemsha maji ya kuogea. Aliacha kula hiki, akaacha kula kile. Mwishowe alimpeleka mtoto kwa bibi yake wiki moja ili yeye apumue kidogo, na huko ngozi ikatulia. Bi Shingo anakiri kwamba alilia kwa uchungu siku aliyomfuata, maana alidhani mwanawe anamkataa yeye mama yake mzazi. Walirudi nyumbani, na siku ya tatu mtoto akaanza kujikuna tena.

Jibu alilipata bila kulitafuta. Siku moja alikuwa akipiga pasi, jasho likamzidi, akachukua nepi ya mwanawe iliyokuwa kwenye mkoba na kujizungushia shingoni asije akachuruzikia mashuka. Kufikia mchana shingo yake ilikuwa inawaka moto. Aliivua, akaitazama, akaitia kwenye beseni la maji safi na kuikamua. Maji yakatoa povu. Nepi ilikuwa imefuliwa siku mbili kabla, ikakauka, ikakunjwa, na bado ilikuwa na sabuni ndani yake. Tangu siku hiyo hajapeleka nguo kwa mtoto yeyote bila kuionja kwanza kwa shingo yake, na binti yule, ambaye leo ni fundi umeme, mpaka sasa hathubutu kuvaa fulana mpya kabla haijafuliwa.

Kutoka kuanika alipanda hadi kupiga pasi, kutoka kupiga pasi hadi msimamizi wa zamu, na miaka kumi na sita iliyopita akawa dobi mkuu. Mafanikio yake si ya kupigiwa ngoma, lakini si haba. Yeye ndiye aliyeweka sheria ya kusuuza nguo za wachanga mara tatu, si moja wala si mbili. Yeye ndiye aliyeipiga marufuku ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua, akisema kwamba mtoto hana safari ya harusini. Aliketi na mkasi mdogo akang'oa lebo zote kwenye kola za vishati, kisha akawaonyesha akina mama wa wodini jinsi ya kumvalisha mtoto shati ndani nje ili mishono isimkwaruze. Mashati yote ya wodi yangu yako hivyo hadi leo, na kila mgeni hudhani tumewavalisha watoto kwa haraka.

Kisha kuna Alhamisi zake. Kila Alhamisi saa tatu asubuhi, uani penye kamba za kuanikia, Bi Shingo huwakusanya akina mama wenye watoto wa ngozi nyepesi kuwashwa na kuwafundisha kwa beseni mbili na mwanasesere mmoja asiye na nywele. Maji ya kuogea yawe ya uvuguvugu, mtoto asikae humo muda mrefu. Asisuguliwe kwa taulo, afutwe kwa kugusagusa tu. Mafuta mazito yasiyo na harufu yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Kucha zikatwe. Vidonda vikianza kutoa maji au mtoto akipata homa, aletwe hospitali siku hiyohiyo, asisubiri Alhamisi. Huwa anawachekesha mpaka wanasahau kwamba wamekuja wakiwa na huzuni. Kuna mama mmoja alikuja amejipulizia manukato mpaka nyuki wa jirani wakapata habari. Bi Shingo alimsifia harufu yake, kisha akamwambia ajipulizie siku mtoto atakapoanza shule.

Jambo moja hulirudia kila Alhamisi, nalo ni kwamba yeye si daktari na sabuni si chanzo cha kila upele. Wengine hupewa dawa na daktari, na wapo ambao ngozi yao itabaki nyepesi maisha yao yote. Anachoweza kuwaahidi ni kwamba nguo za hapa hazitawaongezea mateso. Ahadi hiyo ilivunjika mara moja tu katika miaka thelathini na mmoja, na hapo ndipo mimi ninapoingia.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita. Alikuja Katibu mpya wa hospitali, mtu mwema ila wa utaratibu kupita kiasi, aliyepanga hata kalamu zake kwa urefu. Katika wiki yake ya pili alishuka chumba cha kufulia, akamwona dobi mkuu ana nepi ya wodi shingoni, na akakosa usingizi, kwa maneno yake mwenyewe. Waraka ukatoka kwamba mfanyakazi haruhusiwi kujivika mali ya hospitali. Bi Shingo aliusoma, akaikunja nepi, akaiweka kwenye droo. Ni mtu wa kunung'unika lakini ni mtu wa kutii. Mwezi huohuo ikaletwa mashine mpya kubwa, nao walioifunga wakaipanga isuuze mara moja tu ili kazi ya siku iishe mapema. Bi Shingo aliandika barua ya kulalamika. Akajibiwa kwamba mashine imepangwa na wataalamu. Aliandika ya pili, na hiyo haikujibiwa. Nguo zikaanza kupanda wodini bila kupita shingoni kwa mtu.

Wakati huo kitanda cha sita kilikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, na mwanawe wa kwanza wa miezi miwili. Walilazwa kwa sababu ya homa ya mapafu, nayo ilipona vizuri ndani ya wiki moja. Lakini tulipokuwa tunajiandaa kuwaruhusu, mtoto akatoka upele. Ulianzia shavuni, ukashuka kwenye viwiko, ukazunguka nyuma ya magoti, na kila tulipopaka dawa ulitulia kidogo kisha ukarudi na nguvu mpya. Tulimvisha soksi mikononi ili asijichubue. Alizifyonza mpaka zikalowa, akaendelea kujikuna kwa kusugua shavu kitandani.

Tulitafuta wa kumlaumu, na mama ndiye aliyekuwa karibu. Nilimnyang'anya kichupa chake cha mafuta ya kunukia, na hapo sikukosea. Upele haukuondoka. Basi nikaamua, mimi mwenyewe, bila kumuuliza daktari, kwamba tatizo ni chakula anachokula mama na kinachopita kwenye maziwa yake. Nilimkataza mayai. Kisha nikamkataza maziwa, kisha samaki, kisha maharagwe, kisha karanga. Baada ya wiki mbili alikuwa anakula wali mkavu na chai ya rangi, na alikuwa amekonda mpaka pete inamtoka kidoleni. Maziwa yake yakaanza kupungua. Mtoto aliyekuwa na kilo nne na gramu mia sita akashuka hadi kilo nne na gramu mia tatu. Kila asubuhi nilimweka kwenye mizani nikiomba Mungu mshale wake upande, na kila asubuhi ulikuwa unarudi nyuma.

Mama mkwe wake alikuja kila saa ya kuwaona wagonjwa, akasimama miguuni pa kitanda na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha kumi kwamba katika ukoo wao hajawahi kuzaliwa mtoto mwenye ngozi kama ile. Mama wa mtoto aliniambia mimi tu, tena si mara moja: "Dada, nikimlaza kifuani kwangu ananyamaza. Nikimrudisha kitandani anaanza." Nililisikia neno hilo mara tatu. Kwenye daftari la zamu niliandika kwamba mtoto amedekezwa.

Siku moja, nikipanga kabati lake dogo, nilikuta nusu ya yai la kuchemsha limefungwa kwenye karatasi. Mwanamke anayenyonyesha, aliyekuwa na njaa ya wiki mbili, alikuwa amekula nusu ya yai na kuificha nusu nyingine. Nilimsema mbele ya wodi nzima. Kisha nikachukua kadi ya mtoto na kuandika kwa wino mwekundu: Mama hafuati maelekezo. Nadhani wauguzi wenzangu wanajua uzito wa maneno hayo kwenye kadi. Kila anayeifungua baada yako anakuwa ameshamhukumu yule mama kabla hajamsalimia.

Chini, Bi Shingo alikuwa hajamwona mtoto huyo hata mara moja, lakini alikuwa anamjua. Mashuka ya vitanda vya wachanga yana namba iliyoshonwa kwenye pindo, naye huyatazama moja moja kabla ya kuyaloweka. Kwenye shuka la namba sita alikuta vitone vya damu, vidogo kama vya sindano, mahali pa shavu na mahali pa kiwiko. Siku ya pili akavikuta tena, na siku ya tatu. Akavua aproni na kupanda ngazi zote ishirini na mbili na shuka mkononi. Nilimkuta mlangoni pa wodi. Nilimwambia kwamba nguo chafu haziruhusiwi kurudi wodini, na kwamba dobi hana kazi kitandani kwa mgonjwa. Aligeuka, akashuka na shuka lake.

Kesho yake alipanda tena, amenawa mikono hadi viwikoni, bila shuka, na akamwomba ruhusa daktari wa wodi badala yangu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha sita. Hakumgusa mtoto. Mama akamwambia lile neno lake kuhusu kifua na kitanda, akilisema kwa uchovu kama mtu asiyetarajia kusikilizwa. Bi Shingo alilisikia mara moja tu. Alimuuliza lile gauni lake linafuliwa wapi. Mama akasema, "Nyumbani, na dada yangu. Anasuuza mpaka majirani wanamcheka." Bi Shingo aliinuka, akashuka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akaingia ofisini kwa Katibu bila kubisha hodi.

Kikao kilifanyika asubuhi iliyofuata. Tulikuwa Katibu, daktari wa wodi, fundi wa mashine, mimi na Bi Shingo. Alikuja na nepi tano safi za fungu la siku hiyo, zimepigwa pasi, akaweka moja mbele ya kila mtu na kubaki na moja yake mwenyewe. Aliomba jambo moja, kila mtu aivae shingoni hadi saa sita. Katibu alitaka kukataa, lakini daktari alikuwa ameshaivaa, basi naye akajifunga yake juu ya tai. Bi Shingo akamwomba radhi na kumwambia aiweke ndani ya kola, maana tai haina ngozi.

Tulikaa hapo na mafaili yetu, dirisha moja, joto la siku ile, watu wazima watano wenye nepi shingoni. Mhudumu aliyeleta chai aliweka trei mezani na kutoka mbio ili akachekee nje. Ilipofika saa tano, Katibu akauliza nani anawashwa. Yeye hasikii kitu. Daktari hasikii kitu. Fundi hasikii kitu, na akaongeza kwamba mashine yake haina kosa. Shingo ya Bi Shingo ilikuwa imeshakuwa nyekundu, lakini Katibu akasema, bila ubaya, kwamba shingo hiyo inajulikana kwa ukaidi na mtu mmoja hawezi kuwa ushahidi. Akaanza kukusanya kalamu zake.

Sasa hili ndilo nililotaka kulisema. Mimi nilikuwa nawashwa tangu saa nne na nusu. Nilikuwa nimekaa na mikono miwili chini ya mapaja ili isiniponyoke. Nilijiambia kwamba ni joto, kwamba ni jasho, kwamba ni kola ya sare. Nilijua fika kwamba nikisema nawashwa, basi tatizo si yai. Na kama tatizo si yai, basi nimemshindisha njaa mzazi wiki mbili, nimemkausha maziwa, nimemwaibisha mbele ya watu, na mtoto wake amepungua gramu mia tatu mikononi mwangu. Nilikuwa tayari kunyamaza. Katibu alikuwa ameshafika mlangoni.

Bi Shingo hakumtazama Katibu. Alinitazama mimi, akatazama mikono yangu ilipofichwa, kisha akatazama pembeni haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Alikuwa ameona. Angeweza kusema, naye hakusema. Aliniachia mwenyewe, na mpaka leo sijui kama kuna mtu mwingine ambaye angenifanyia hivyo.

Niliivua nepi. Daktari alisimama kunitazama shingoni, akasema kuna mstari mwekundu kutoka sikio hadi sikio. Nikasema ninawashwa, na ninawashwa tangu saa nne na nusu. Nikaanza kulia, na Katibu wa watu, asiyejua la kufanya, akanipa nepi yake nifutie machozi.

Kwa haki yake, Katibu alishuka chini saa ileile na fundi nyuma yake. Walitia nepi moja kwenye beseni la maji safi, wakaikamua, na povu wakaliona kwa macho yao. Mashine ikapangwa upya kusuuza mara tatu kabla ya jua kuzama. Siku hiyo fundi aliapa kwamba hatasema tena mashine yake haina kosa, na kiapo hicho alikishika karibu wiki nzima. Baadaye ukatoka waraka mpya, ambao umetundikwa ukutani chumba cha kufulia ndani ya fremu: Dobi mkuu anaruhusiwa kuvaa nepi moja (1) shingoni wakati wa kazi. Katibu huyo alishahama, lakini kila mwaka humtumia Bi Shingo salamu, na huuliza kama bado ni moja.

Siku saba zilizofuata Bi Shingo alifua nguo za kitanda cha sita kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilikwenda jikoni, nikachemsha mayai mawili na kumpelekea yule mama. Nilimwambia ale yote, na nilimwambia kwamba nimekosa, kwa sauti ileile niliyotumia kumsema, ili walio kitanda cha kumi wasikie pia. Aliyatazama mayai, kisha akaniuliza, "Na chumvi je?" Nilirudi jikoni kuchukua chumvi. Sijawahi kwenda na kurudi jikoni kwa furaha kama siku ile.

Maziwa yalirudi taratibu. Ngozi haikuwa kioo, na haijawa kioo mpaka leo, lakini michubuko ilikauka, soksi zikavuliwa mikononi, na mtoto akalala usingizi wa kukoroma. Siku ya kumi na moja mshale wa mizani ulivuka kilo nne na gramu mia saba, nao wakaruhusiwa. Mama mkwe alikuja kuwachukua. Aliuliza upele umeponywa na dawa gani, akaambiwa ni maji, na safari hiyo hakuwa na la kusema kuhusu ukoo. Kwenye ile kadi nilikata maneno yangu mekundu kwa mstari mmoja na kuandika chini yake: Muuguzi hakusikiliza. Daktari aliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika.

Kwa miaka tisa Bi Shingo hajawahi kuitaja ile kadi, wala mikono yangu chini ya mapaja, hata kwa utani, na ninyi mnajua utani wake usivyo na huruma. Wengi wenu mlidhani nilijitokeza kishujaa. Leo mmejua nilikawia kiasi gani, nami nimepumua. Yeye mwenyewe, akiulizwa anajutia nini kazini, husema anajutia ule mwezi ambao nepi yake ilikaa kwenye droo. Anasema angeivaa ndani ya sare na hakuna ambaye angejua. Amekuwa akijilaumu bure, na ninamwomba aache, maana ni yeye aliyepanda ngazi.

Nirudi kwenye sherehe, nisije nikawalowanishia keki kwa machozi. Kamati ya zawadi ilijitahidi sana, ikamnunulia Bi Shingo kasha la manukato na losheni tatu zenye harufu ya waridi. Nilipoliona kasha hilo nilishika kichwa. Limerudishwa dukani, na badala yake atapewa kiti cha kupumzikia chenye foronya za pamba tupu, zilizosuuzwa mara tatu. Wenzake wa zamu walizionja kwa zamu shingoni, wakitania kwamba sasa na wao watapewa majina.

Hospitali imeleta vikaratasi vya kupimia sabuni iliyobaki kwenye nguo. Vinafanya kazi vizuri na vitaendelea kutumika. Bi Shingo mwenyewe amevikubali, baada ya kuvishindanisha na shingo yake mwezi mzima na kutoka sare. Lakini wote tulijua swali lililokuwa likizunguka chini kule wiki hizi za mwisho, ni nani atakayevaa nepi baada yake, ingawa hakuna aliyemuuliza. Wapiga pasi wote watatu wana ngozi ngumu kama ya Katibu. Juzi nilimkuta amesimama mbele ya fungu la wachanga, mkono juu yake, na hakunisikia nilipoingia.

Bi Shingo, asante kwa miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku sita. Asante kwa kila mtoto aliyelala usingizi ndani ya nepi yako bila kujua kuna mtu ameivaa kabla yake. Asante kwa yale uliyoyaona ukayanyamazia. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatishwa na kengele ya mashine, wajukuu wa kukuchosha, na siku nyingi tamu mbele yako.

Mistari hii ya mwisho ninaiandika chumba cha kufulia, kwenye meza yako ya pasi. Nimeomba, na nimekubaliwa, kushuka ngazi ishirini na mbili kila asubuhi kabla ya zamu yangu. Nepi ya fungu la jana iko shingoni mwangu tangu saa moja asubuhi, na fundi ameshaniletea dawa ya koo. Sasa ni saa sita kamili. Haijaniwasha, Bi Shingo. Fungu limepanda wodini.